Dozi, Risasi, Radio: Lugha ya Mionzi Kazini na Usalama wa Wafanyakazi wa Fizi

Hatari nyingi za kazini hujitangaza zenyewe. Mtumbwi uliotoboka huingiza maji, ngazi mbovu hulia chini ya mguu, moto huunguza kabla mkono haujakaa. Mionzi haifanyi hivyo. Haionekani, hainuki, haina ladha, na kwa kiwango kinachopatikana katika kazi nyingi haiumi hata kidogo siku mtu anapoipata. Madhara yake yanaweza kuja baada ya miaka kumi au ishirini, na yanapokuja hupewa jina jingine kabisa.

Kwa sababu hiyo mfanyakazi ana vitu viwili tu vya kumwonya: kifaa cha kupimia na neno. Katika sehemu kubwa ya Kivu ya Kusini kifaa hakipo, hivyo linabaki neno. Makala haya yanaeleza mionzi ni nini na inamfikiaje mtu kazini, na papo hapo yanayachunguza maneno machache ya Kiswahili tunayoyatumia kuizungumzia. Hoja yetu ni kwamba baadhi ya maneno hayo huuelekeza mkono wa mfanyakazi mahali pasipofaa, na kwamba kuyarekebisha ni sehemu ya usalama kazini.

Kwa nini Kazimia

Msomaji anaweza kuuliza Kazimia inahusikaje na habari hii. Kazimia inajulikana kwa ziwa, kwa ndagala na kwa mashua zinazopanda na kushuka pwani ya Tanganyika kati ya Baraka na Kalemie. Haijulikani kwa urani. Lakini watu wake hawakai mahali pamoja. Kijana wa Kazimia huenda kutafuta dhahabu Misisi. Akisikia habari ya koltani au kasiteriti anaondoka tena. Na wengine huendelea kusini hadi Katanga. Akivunjika mguu au akikohoa kwa muda mrefu, hutafuta hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya mifupa au mapafu. Kwa njia hizi mbili, mgodi na hospitali, mionzi huingia katika maisha ya kijiji cha wavuvi.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya kiisimu. Fizi ni mahali ambapo Kiswahili cha aina tatu hukutana. Kipo Kiswahili cha wenyeji, kinachokaa pamoja na Kibembe na Kibuyu. Kipo Kiswahili kilichojaa Kifaransa cha shule na ofisi za Kongo. Kipo pia Kiswahili sanifu cha Tanzania, kilicholetwa na maelfu ya watu waliokimbia vita tangu mwaka 1996, wakaishi katika kambi za mkoa wa Kigoma kama Nyarugusu na Lugufu, kisha wakarudi na lugha ya huko. Muuguzi, mgonjwa na mchimbaji wanaweza wote kusema Kiswahili na bado wasielewane juu ya jambo moja la hatari.

Neno moja, vitu vingi

Mwonzi ni mstari wa mwanga utokao kwenye jua. Hiyo ndiyo maana ya kwanza, na ni maana nzuri: mionzi ya asubuhi, mionzi ya jua la jioni juu ya ziwa. Wanasayansi walipohitaji neno, walilichukua hilo na kulipa kazi mpya. Leo tunasema mionzi ya simu, mionzi ya eksirei, tiba ya mionzi, mionzi ya urani. Wengine wamependekeza mnururisho na unururifu, kutoka katika nuru, na maneno hayo yapo katika vitabu, lakini mitaani neno lililoshinda ni mionzi.

Tatizo ni kwamba vitu hivyo havifanani kwa madhara. Mionzi yote ni nishati inayosafiri, ila kuna mpaka mmoja muhimu. Upande mmoja kuna mionzi isiyo na nguvu ya kung'oa elektroni kutoka katika atomi: mawimbi ya redio, ya simu, mwanga wa taa. Upande wa pili kuna ile yenye nguvu hiyo: eksirei, na mionzi itokayo ndani ya viini vya urani, thori, radi na elementi nyingine zinazojivunja zenyewe. Hii ya pili huitwa mionzi ya kuayonisha. Inapopita mwilini inaweza kukata nyuzi za kurithi zilizomo ndani ya seli. Seli nyingi hujirekebisha au hufa. Chache hubaki na kosa, na kosa hilo linaweza kuwa saratani miaka mingi baadaye. Kipimo kikubwa sana cha mara moja huleta madhara ya mapema zaidi: ngozi kuungua, nywele kutoka, damu kupungua, na baadaye mtoto wa jicho.

Neno moja linapovifunika vyote hivi, mtu anaweza kuuogopa mnara wa simu ulio juu ya kilima na papo hapo kulala juu ya gunia la mawe yenye urani na thori.

Taa na pilipili

Hata ndani ya mionzi ya kuayonisha kuna tofauti nyingine, na hii ndiyo mfanyakazi anayoihitaji kuliko zote. Tunaweza kuieleza kwa vitu viwili vinavyojulikana Kazimia.

Cha kwanza ni taa ya mvuvi. Usiku taa huwashwa juu ya maji, ndagala hukusanyika, wavu huvutwa. Wale samaki wamemulikwa kwa saa nyingi, lakini asubuhi wakianikwa mchangani hawang'ai. Mwanga uliwapitia, haukubaki ndani yao. Taa ikizimwa, hakuna mwanga tena. Mashine ya eksirei ni taa ya namna hiyo. Inapowashwa kwa sekunde ile moja, inamulika kila kilicho mbele yake. Ikizimwa, hakuna kilichobaki chumbani: si kwenye kuta, si kwenye shuka, si kwa mgonjwa. Mama aliyepigwa picha ya mapafu anaweza kurudi nyumbani na kumnyonyesha mtoto wake bila hofu.

Cha pili ni pilipili kavu inayotwangwa. Anayeitwanga hapati ukali kwa kuitazama. Anaupata kwa vumbi linaloingia puani, kwa vidole anavyojifuta navyo machoni, kwa nguo anazorudi nazo nyumbani. Akiondoka kinuni, pilipili huondoka pamoja naye. Vumbi la mawe yenye urani au thori ni la namna hiyo. Likishaingia mapafuni, linaendelea kumulika kutoka ndani, usiku na mchana, na hakuna swichi ya kulizima.

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyotosha kubeba tofauti hii: kumulikwa na kuchafuliwa. Aliyemulikwa hana cha kuosha. Aliyechafuliwa ana cha kuosha, na asipokiosha anampelekea mtoto wake. Kinga ya taa ni muda, umbali na kizuizi: kaa muda mfupi, simama mbali, weka kitu kizito katikati. Kinga ya pilipili ni maji, hewa na usafi: lowesha vumbi, funika pua, nawa kabla ya kula, acha nguo za kazi kazini. Tukitumia neno mionzi peke yake bila vitenzi hivi, mfanyakazi wa hospitali atanawa mikono akidhani amejikinga na eksirei, na mchimbaji atasimama mbali kidogo na jiwe akidhani ametosheka, huku vumbi likimfuata.

Chumba cha radio

Katika hospitali za upande wetu wa ziwa, picha ya eksirei huitwa radio, kutoka Kifaransa. Ng'ambo, Kigoma, mtu huambiwa aende kupiga eksirei au picha. Aliyekulia kambini Nyarugusu akiambiwa «nenda kwenye radio» anaweza kutabasamu kwanza, kwa kuwa kwake redio ni chombo cha kusikilizia habari. Kichekesho hicho kina upande wake mbaya: neno lenyewe halina harufu yoyote ya hatari. Kinachotoa habari na nyimbo nyumbani kitamdhuru nani?

Wanaopata hatari kubwa katika chumba hicho si wagonjwa. Mgonjwa hupigwa picha mara moja au mbili. Picha ya kifua kwa mashine iliyo sawa humpa kipimo kidogo sana, takriban milisiveti 0.1 au chini yake, wakati dunia yenyewe, kwa udongo wake, mawe yake na anga lake, hutupa kila mmoja wetu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Faida ya kuona mfupa uliovunjika inapita mbali hasara hiyo. Aliye hatarini ni fundi wa mashine anayefanya hivyo kila siku kwa miaka thelathini, pamoja na yule anayesimama karibu bila sababu: mlinzi mlangoni, ndugu wa mgonjwa, muuguzi anayeitwa kila mara kumshikilia mtoto anayelia.

Historia ilishafundisha hili kwa uchungu. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwezi wa Novemba 1895. Katika miaka ya kwanza mafundi walizijaribu mashine kwa mikono yao wenyewe. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, alikatwa mikono na kufariki mwaka 1904. Mwaka 1936, huko Hamburg, Ujerumani, ulijengwa mnara wenye majina ya watu zaidi ya 160 wa mataifa mbalimbali waliokufa kwa kazi ya eksirei na radi. Wengi wao walikuwa madaktari na mafundi.

Kinga yao leo ni rahisi kueleza. Ukisimama mita mbili badala ya moja, kipimo hushuka hadi robo; mita tatu, hadi sehemu moja ya tisa. Mlango hufungwa kabla ya kubonyeza kitufe. Ndugu wa mgonjwa hutoka nje. Ikibidi mtoto ashikiliwe, ashikiliwe na mzazi aliyevaa kinga, si mfanyakazi yuleyule kila siku. Mwanamke mwenye mimba, au anayedhani anayo, aulizwe na aseme.

Hapa tunakutana na neno jingine la kuangaliwa. Kinga hiyo huitwa aproni ya risasi. Risasi katika Kiswahili ni madini mazito, na ni kile kitokacho katika bunduki. Katika nchi isiyojua vita maana ya kwanza inaweza kuja haraka. Fizi, mtu akisikia vazi la risasi anafikiri vazi la kuzuia risasi, jambo la askari, na hashangai likiwa limetundikwa ukutani miaka yote bila kuvaliwa. Kusema «aproni ya madini ya risasi, ya kuzuia eksirei» ni maneno manne au matano zaidi, lakini yanalishusha vazi kutoka ukutani. Vilevile ile beji ndogo anayopaswa kuvaa fundi kifuani isiitwe kinga. Haizuii chochote, inahesabu tu, kama daftari la deni. Jina kipimamionzi linaeleza kazi yake na halimdanganyi mtu.

Shimoni na juu ya magunia

Upande wa migodi, jina lisiloepukika katika nchi yetu ni Shinkolobwe, karibu na Likasi. Madini yake yaligunduliwa mwaka 1915, na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikaanza kuyapeleka Ubelgiji, ambako katika mji wa Olen ilitolewa radi ya kuuzwa dunia nzima. Baadaye ilihitajika urani yenyewe. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na urani nyingi kuliko karibu mgodi wowote uliojulikana, na sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mpango wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomi wakati wa vita vya pili ilitoka hapo. Mawe hayo yalichaguliwa kwa mikono ya vibarua Wakongo. Kwa kuwa yote yalikuwa siri ya vita, vibarua hao hawakuwa na njia ya kujua jiwe lililo mkononi ni la nini.

Mgodi ulifungwa karibu na uhuru, mwaka 1960. Lakini shimo lililofungwa bila maelezo hufunguliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wachimbaji wadogo walirudi kwa maelfu, safari hii wakitafuta kobalti, ambayo hapo huchanganyika na urani. Mwezi wa Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitia saini amri ya kuufunga. Mwezi wa Julai mwaka huohuo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipofika baadaye mwaka huo haukukuta dalili za kipimo kikubwa cha ghafla kutoka nje ya mwili. Ulichoonya ni mashimo yasiyo imara na mionzi inayolimbikizana kidogo kidogo kwa mtu anayefanya kazi humo, hasa kwa kuvuta vumbi. Kwa lugha yetu: taa ilikuwa hafifu, pilipili ilikuwa nyingi.

Karibu zaidi nasi kuna koltani. Mawe ya koltani ya mashariki mwa Kongo hubeba urani na thori kidogo ndani yake, kiasi kwamba shehena nyingine zikifika bandarini huhesabiwa na sheria za kimataifa za usafirishaji kuwa mizigo yenye mionzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wachimbaji wadogo wa koltani mashariki mwa nchi yetu ulikadiria kwamba kipimo chao kinaweza kufika hadi milisiveti 18 kwa mwaka, na kwamba kazi mbaya zaidi ni kusaga na kuchekecha, kwa sababu ya vumbi. Kiwango hicho kinakaribia kikomo cha mfanyakazi wa kinu cha nyuklia, ila yule wa kinu ana beji, daktari na daftari.

Kusaga na kutwanga hutupeleka kwa wanawake. Huko Kamituga wanawake wanaoponda mawe ya dhahabu kwa vinu wanaitwa, hata katika ripoti za Kifaransa, «mamans twangaises». Kitenzi chetu kutwanga kimeingia katika Kifaransa cha migodini kwa sababu kazi yenyewe haikuwa na jina jingine. Mawe ya dhahabu kwa kawaida hayana mionzi ya kutisha kama ya Shinkolobwe, na vumbi lake lina ubaya wake mwingine wa kuharibu mapafu. Lakini mikono ni ileile, kinu ni kilekile, na mtoto mgongoni ni yuleyule, iwe leo ni dhahabu na kesho ni koltani. Maji yakimwagiwa mawe kabla ya kupondwa, hatari zote mbili hupungua pamoja.

Shimoni kwenyewe kuna hatari ya tatu, nayo ni hewa. Urani iliyomo katika miamba, hata kidogo, hujivunja na mwishowe huzaa gesi iitwayo radoni, isiyo na rangi wala harufu. Nje hupotea hewani. Ndani ya shimo lisilopitisha hewa hukusanyika. Wachimbaji wa Schneeberg huko Ujerumani waliugua ugonjwa wa kifua kwa karne nyingi, na mwaka 1879 madaktari wakatambua kwamba ni saratani ya mapafu. Miaka mingi zaidi ilipita kabla ya radoni kujulikana kuwa ndiyo chanzo. Mchimbaji anayevuta sigara huongeza hatari hiyo mara nyingi. Kinga ni kuipa hewa njia: shimo liwe na tundu la pili au mashine ya kusukuma hewa, na mtu asilale wala kupumzika ndani.

Hayo yote yanaweza kusemwa kwa sentensi fupi. Lowesha mawe kabla ya kuyaponda. Usile wala kuvuta sigara penye vumbi. Nawa. Acha nguo za shimoni nje ya nyumba. Usiyaweke magunia ya koltani katika chumba cha kulala, hata kama ni kwa kuogopa wezi.

Dozi ambayo haitakiwi kumalizwa

Kipimo cha mionzi mwilini huhesabiwa kwa siveti, na kazini kwa sehemu yake ya elfu, milisiveti. Kikomo kinachokubaliwa kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka katika miaka mitano, bila kuzidi 50 katika mwaka wowote; kwa mwananchi wa kawaida ni milisiveti 1 juu ya ile ya asili na ya matibabu.

Katika Kifaransa neno la kipimo hicho ni «dose», na wafasiri wengi huandika dozi. Tusimame hapo kidogo. Kwa miaka mingi kila kituo cha afya, kila redio na kila mhamasishaji amewafundisha watu jambo moja kuhusu dozi: imalize. Maliza dozi ya malaria, maliza dozi ya kifua kikuu, usiiache katikati hata ukijisikia nafuu. Somo hilo limeokoa maisha na limeshika. Sasa mwambie mtu huyohuyo kwamba dozi yake ya mwaka ni milisiveti 20. Masikio yake yatasikia haki yake, au wajibu wake. Wakati kanuni ya kinga ya mionzi inasema kinyume: kikomo si shabaha, na kila unachoweza kukiepuka kwa gharama ya busara, kiepuke. Kwa hiyo tunapendekeza dozi ibaki kwa dawa, na kwa mionzi tuseme kipimo, na kikomo badala ya kiwango.

Alama inayofanana na rafadha

Alama ya mionzi inayojulikana zaidi, ile ya mapanga matatu yaliyozunguka duara, ilichorwa mwaka 1946 katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Aliyefundishwa huisoma. Asiyefundishwa huona anachokijua. Mtu wa Kazimia, anayeziona mashua za injini kila siku, ana sababu zote za kuona rafadha, na rafadha haimkimbizi mtu.

Matokeo ya kutosoma yalionekana Goiânia, Brazili, mwezi wa Septemba 1987. Watu wawili waliingia katika kliniki iliyoachwa, wakachukua sehemu ya mashine ya tiba ya mionzi na kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa kaisi uliong'aa kwa rangi ya samawati gizani. Ulipendeza, watu waligawiana, wakaupeleka majumbani. Wanne walikufa, 249 walikutwa wamechafuliwa, na watu wapatao 112,000 walipimwa. Mashine iliyokuwa taa, ilipopasuliwa, iligeuka pilipili.

Ajali za namna hiyo zilifanya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Kimataifa la Viwango kutoa alama ya ziada mwaka 2007: pembetatu nyekundu yenye miale, fuvu la kichwa na mtu anayekimbia. Kabla ya kuipitisha waliwaonyesha watu wa kawaida katika nchi 11, Kenya ikiwemo, ili kujua wanaelewa nini. Huo ni utafiti wa maana, kazi inayofanana na yetu: kabla ya kulaumu msomaji, jua anasoma nini. Alama hiyo hubandikwa kwenye chombo chenyewe, mahali ambapo ataiona yule anayeanza kukifungua. Milangoni ile ya mapanga matatu bado ipo, na bado inahitaji kuelezwa kwa mdomo.

Sheria iliyoandikwa kwa lugha moja

Nchi yetu ina sheria. Sheria Na. 017/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inahusu kinga dhidi ya hatari za mionzi ya kuayonisha, na ipo kamati ya taifa, CNPRI, inayopaswa kukagua na kutoa vibali. Si nchi changa katika jambo hili: kinu cha kwanza cha nyuklia cha utafiti barani Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959. Ila maneno ya sheria hiyo ni Kifaransa, na mwanamke aliye kinuni hakisomi.

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 142, inaitaka serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na katika kila moja ya lugha nne za taifa ndani ya siku 60 tangu zitiwe saini. Kiswahili ni mojawapo ya lugha hizo. Sheria ya mionzi ilitangulia katiba hiyo, lakini nia ya katiba iko wazi: mtu asitawaliwe, wala asilindwe, kwa lugha asiyoielewa.

Hapa ndipo kitivo cha lugha kinapoingia. Hatuwezi kununua vipimamionzi wala kuchimba tundu la hewa. Tunaweza kuandaa orodha fupi ya istilahi, isiyozidi ukurasa mmoja, itakayotumika kwa namna moja hospitalini, migodini na katika redio za jamii za Fizi na Baraka. Tunaweza kuitafsiri sheria na kanuni zake kwa Kiswahili kinachosikika Kazimia, si kwa kile cha kamusi tu. Na kabla ya kuchapa chochote tunaweza kufanya walichofanya wale wa alama nyekundu: kuwasomea fundi wa radio, mama wa kinu na mvuvi, kisha kuwauliza wamesikia nini.

Mwanzo wa orodha hiyo upo tayari. Kumulikwa, si kuchafuliwa. Kuchafuliwa, si kumulikwa. Kipimo, si dozi. Kikomo, si haki. Madini ya risasi, si risasi ya bunduki. Kipimamionzi, si kinga. Ni maneno machache, na hakuna hata moja lililolazimika kutoka nje ya lugha yetu. Mtu atakayeyajua ataingia kwenye chumba cha radio au shimoni akijua afanye nini kwa mikono yake, hata pale ambapo hakuna kifaa cha kumwambia.